Risasi Nzito za Kale Mashambani: Namna ya Kuzitambua, na Sababu ya Uzito Wake

Ndugu Mkulima,

Jembe la mkulima hufukua vitu vingi ambavyo hakuvipanda. Katika mashamba ya Kibaha na Kisarawe, mtu ang'oapo mihogo au achimbapo shimo la mche wa mkorosho huweza kukuta kigae cha mtungi wa kale, msumari wa reli, shanga, au kipande kidogo cha madini kilicho kizito kupita kadiri ya ukubwa wake. Kipande hicho huwa mara nyingi ni risasi ya bunduki ya zamani. Wengine hukitupa, wengine huwapa watoto wachezee, na wengine hukiyeyusha wapate chubwi la mshipi. Katika karatasi hii nataka kueleza jinsi ya kukitambua kitu hicho, kwa nini risasi nyingine za kale ni nzito mno, na kwa nini si vyema kukitupa wala kukiyeyusha.

Jambo lililonisukuma kuandika ni hili. Mzee mmoja wa upande wa Kisarawe aliniita shambani kwake wakati wa kung'oa mihogo. Nilipokwisha kumwamkia na kujibiwa, alifungua kitambaa akanionyesha vipande viwili, kimoja cha mviringo kama tunda la mkunazi, kingine kirefu chenye kichwa butu. Akasema, "Bwana Shamba, pembe ile penye mkwaju nimeitenga nipande mikorosho. Shangazi yangu ananikataza. Anasema wazee walituambia kwamba pale wamelala watu wa vita ya Maji Maji. Mimi nasema hizi ni risasi za kupigia ndovu, maana tazama uzito wake. Nani kati yetu asemaye kweli?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, mimi kazi yangu ni mimea. Lakini kitu chenye uzito hupimwa, na kipimo hakina upendeleo. Na tupime kwanza." Basi, Ndugu Mkulima, tupime pamoja.

I. TAHADHARI KABLA YA KUGUSA

Kwanza ni lazima kutofautisha vitu vitatu ambavyo watu wengi huviita risasi bila kuvitenga.

Kitu cha kwanza ni risasi yenyewe, yaani kile kipande kinachotoka katika mtutu na kwenda mbali. Hiki hakina baruti ndani yake, wala hakiwezi kulipuka.

Kitu cha pili ni risasi iliyo bado katika ganda lake la shaba, na chini ya ganda pana fataki. Hii ni risasi hai. Hata ikiwa imelala ardhini miaka mia, usiigonge, usiitie motoni, wala usijaribu kuitenganisha kwa koleo. Tena sheria ya nchi hairuhusu mtu kukaa na risasi hai pasipo kibali.

Kitu cha tatu ndicho cha hatari kuliko vyote, nacho ni kombora la mzinga mdogo. Umbo lake hufanana sana na risasi, ila ni nene kama kishikio cha jembe au zaidi, na karibu na kitako chake huwa na mkanda wa shaba nyekundu uliolizunguka. Mizinga midogo ya milimita 37 ilitumika katika vita za zamani, na makombora yake mengi yalitiwa baruti ndani. Kwa hiyo shika kanuni hii: kitu chochote chenye umbo la risasi na unene unaozidi dole gumba la mtu mzima, au chenye mkanda wa shaba, kisiguswe. Kisimikie kijiti mbali kidogo kiwe alama, waondoe watoto na mifugo, kisha mpe habari Mtendaji wa Kijiji au polisi. Afadhali kucheka kesho kwa kuwa kilikuwa chuma kitupu kuliko kulia leo.

Yaliyo mbele yanahusu kitu cha kwanza tu, yaani risasi iliyokwisha kutoka katika ganda lake.

II. NAMNA YA KUPIMA

Huhitaji vyombo vya gharama. Vitu vitano vinatosha: mizani ndogo isomayo gramu, kama ya sonara, uzi mwembamba, rula ya mwanafunzi, sumaku, na bomba la sindano la mililita 20 kama lile la kuchanjia ng'ombe, ambalo halitatumiwa tena kwa dawa.

1. Rangi. Risasi ni jina la kitu kipigwacho, tena ni jina la madini yenyewe, na wazee hawakukosea kuvipa jina moja, kwa kuwa hapo kale vilikuwa kitu kimoja. Madini ya risasi yakikaa udongoni hufanya ukoko mweupe au wa kijivu. Ukoko wa kijani ni dalili ya shaba, na kutu nyekundu ni dalili ya chuma. Usiukwangue ule weupe, kwa maana vumbi lake ni sumu. Osha kwa maji, ukaushe, kisha unawe mikono kwa sabuni.

2. Uzito. Weka juu ya mizani, uandike gramu zake.

3. Unene. Zungusha uzi mara kumi mahali palipo panene, bila kupandisha uzi juu ya uzi. Pima urefu wa uzi huo kwa milimita, gawanya kwa kumi, kisha gawanya kwa tatu na moja ya saba. Jibu ndilo unene wa risasi. Kwa mfano, uzi wa milimita 346 huonyesha unene wa milimita 11.

4. Sumaku. Risasi tupu haivutwi na sumaku. Ikivutwa, ina chuma ndani yake au gamba la chuma nje.

5. Maji. Tia maji katika bomba la sindano, usome alama, kisha uitumbukize risasi taratibu na kusoma tena. Gawanya gramu kwa mililita zilizoongezeka. Madini ya risasi hutoa 11 na kitu, shaba hutoa karibu 9, na chuma hutoa karibu 8. Gramu 25 za risasi tupu hupandisha maji kwa mililita mbili na kidogo, lakini gramu 25 za chuma huyapandisha kwa zaidi ya mililita tatu.

6. Alama za mtutu. Tangu karne ya 19 bunduki nyingi zilichongwa mifereji ya kuzunguka ndani ya mtutu ili risasi iende ikizunguka kama pia. Mifereji hiyo huacha alama ubavuni mwa risasi. Zihesabu kwa makini, kwa maana hesabu yake hutambulisha bunduki.

III. RISASI YA MVIRINGO: GOBORI

Tuliipima kwanza ile ya mviringo. Unene wake ulikuwa karibu milimita 17, uzito wake karibu gramu 29, na sumaku haikuivuta. Haikuwa na alama yoyote ya mifereji. Hii ni risasi ya gobori.

Gobori ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomo: kwanza baruti, kisha kitambaa au nyuzi za mnazi, kisha risasi. Katika karne ya 19 magobori kwa maelfu yaliingia bara kutoka Unguja na bandari za Mrima, na misafara ya pembe ilipita nayo katika njia hizi hizi za Uzaramo. Mtutu wa gobori ni laini ndani, kwa hiyo risasi yake haina alama. Aliyekosa madini ya risasi alitia kipande cha chuma au hata kokoto.

Gobori lilikuwa silaha ya vita, ya uwindaji, na ya kulinda shamba pia. Hata baada ya vita kuu mbili za dunia wakulima wengi walilitumia kufukuzia nguruwe na nyani. Basi risasi ya mviringo haituambii mwaka. Yaweza kuwa ya 1860 au ya 1950, na atakayekuambia mwaka wake kwa kuitazama tu anakisia.

IV. RISASI NDEFU YA GRAMU 25

Kisha tukapima ile ndefu. Unene wake ulikuwa milimita 11 na kidogo, uzito wake gramu 25, na maji yalishuhudia kwamba ni risasi tupu bila gamba. Ubavuni mwake, ijapokuwa imebonyea upande mmoja, alama nne za mifereji zilionekana.

Hapa mambo yalianza kuwa wazi. Bunduki ya Kijerumani ya Mauser ya mwaka wa 1871 ilipiga risasi ya namna hii hasa: unene wa milimita 11, uzito wa gramu 25, na mtutu wa mifereji minne. Wajerumani waliwapa askari wao wa Kiafrika katika nchi hii bunduki za jamii hiyo zilizofupishwa. Hata vita ya 1914 ilipoanza, makampuni mengi ya askari wa Kijerumani yalikuwa yangali nazo, na moshi wake mzito uliwafichua wapigaji kwa adui.

Yafaa kuilinganisha na nyingine iliyo karibu nayo. Waingereza walikuwa na Martini-Henry ya mwaka wa 1871. Risasi yake ina unene unaokaribia milimita 11 na nusu, lakini uzito wake ni gramu 31, na alama zake ni saba. Ukikosea kuhesabu alama utawabadilisha Wajerumani kuwa Waingereza.

Basi risasi ya mzee wetu ilikuwa ya bunduki ya askari. Sasa iliniwajibu kumweleza kwa nini risasi ya kupigia mtu ilifanywa nzito hata ikadhaniwa kuwa ya ndovu.

V. KWA NINI RISASI ZA KALE ZILIKUWA NZITO

Ukitaka kupasua gogo una njia mbili. Waweza kuinua shoka zito na kulishusha polepole, au kushika shoka jepesi na kulishusha kwa kasi. Bunduki nayo ni hivyo. Nguvu yake hutoka katika vitu viwili, uzito wa risasi na mwendo wake.

Bunduki za kale zilitumia baruti nyeusi. Baruti hii huwaka kwa moshi mwingi, na haiwezi kuisukuma risasi kwa mwendo mkubwa sana. Tena madini ya risasi ni laini, na yakisukumwa kwa kasi mno ndani ya mtutu wenye mifereji hukwanguka badala ya kuzunguka. Kwa sababu hizo mbili mafundi walishindwa kuongeza mwendo, wakaongeza uzito. Risasi ya Mauser ya 1871 ilitoka kwa mwendo wa mita 430 hivi kwa nukta moja ya saa.

Mwaka wa 1884 Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi, yenye nguvu nyingi zaidi. Mafundi wakaivika risasi gamba la madini magumu ili isikwanguke, wakaipunguza unene na uzito. Risasi ya Kijerumani iliyochongoka ya mwanzo wa karne ya 20 ina unene wa milimita 8 na uzito wa gramu 10 tu, lakini mwendo wake hufika mita 870 hivi kwa nukta. Ukifanya hesabu ya nguvu utaona ajabu: ile ya gramu 10 ina nguvu zaidi ya mara moja na nusu kuliko ile ya gramu 25.

Kwa hiyo mtu asidhani kwamba risasi nzito ni lazima iwe ya mnyama mkubwa, wala kwamba nzito ni kali kuliko nyepesi. Mara nyingi uzito ni dalili ya umri.

VI. RISASI ZA NDOVU NA KIBOKO

Hata hivyo mzee hakukosea kabisa, kwa maana zipo risasi zilizofanywa nzito kwa ajili ya wanyama wakubwa. Ubongo wa ndovu umefichwa nyuma ya mifupa minene yenye vishimo kama sega la nyuki. Risasi nyepesi ikiupiga mfupa huo hupinda njia au huvunjika. Inayotakiwa ni nzito, ngumu, yenye kichwa butu, isiyopanuka, iendayo moja kwa moja hata mwisho.

Zamani za baruti nyeusi wawindaji walitumia mitutu mipana ajabu. Waingereza waliipima kwa hesabu ya mviringo: ikiwa ratili moja ya risasi hutoa mviringo nane, bunduki huitwa ya nane, na mviringo mmoja ni gramu 57 hivi. Ikitoa minne, huitwa ya nne, na mviringo mmoja ni gramu 113. Mwingereza Frederick Selous aliwinda ndovu kusini ya Afrika katika miaka ya 1870 kwa bunduki ya nne. Mtu huyo huyo alikufa vitani huku kwetu, mahali paitwapo Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, kwa risasi ndogo ya askari. Jina lake lilipewa pori kubwa la wanyama lililo kusini yetu, na mwaka wa 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Baada ya baruti isiyo na moshi kutokea, zilikuja bunduki za ndovu za namna mpya. Risasi zake zina gamba gumu, na uzito wake ni kama huu:

Ya unene wa milimita 9.3, iliyotengenezwa na Otto Bock wa Berlin mwaka wa 1905 na kupendwa na walowezi wa makoloni ya Wajerumani: gramu 18 na nusu.

Ya Kiingereza iitwayo .404: gramu 26.

Ya .470: gramu 32.

Ya .577: karibu gramu 49.

Ya .600: gramu 58.

Tazama basi: ile ya .404 inakaribiana na ya askari wa Kijerumani kwa uzito. Mtu atumiaye mizani peke yake angezichanganya. Lakini ya ndovu ina gamba, nayo ya askari ni risasi tupu. Ndiyo maana nimesema tupime kwa njia zote, si kwa moja.

Ukiikuta risasi ya ndovu shambani kwako, usishangae. Bonde la Ruvu lina viboko, na zamani ndovu walitembea katika nchi hii zaidi ya sasa. Baada ya vita ya kwanza ya dunia serikali ya Tanganyika ilianzisha idara ya wanyama, na moja ya kazi zake kubwa ilikuwa kuwaweka askari wa wanyama wenye bunduki nzito ili kuzuia ndovu wasile mazao ya watu. Risasi ya gramu 32 katika shamba la mtama huenda ilifyatuliwa kwa ajili ya kuuokoa mtama wenyewe.

VII. RISASI ZA VITA YA 1914 HATA 1918

Upande wa Kibaha, hasa karibu na reli, hukutwa zaidi risasi ndogo za vita hii. Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka wa 1905, ikafika Morogoro mwaka wa 1907, na kupita Pugu, Soga na Ruvu. Mwezi wa Agosti 1916 majeshi ya Waingereza yalishuka Bagamoyo, yakaja kusini kwa miguu, nayo Dar es Salaam ikatwaliwa tarehe 4 Septemba 1916.

Risasi ya Kiingereza ya .303 ya wakati huo imechongoka, ina gramu 11 na kidogo, na gamba lake la shaba na nikeli halivutwi na sumaku. Ya Kijerumani ina gramu 10, na gamba lake ni la chuma lililopakwa nikeli na shaba, kwa hiyo sumaku huivuta na udongo huitia kutu. Zote mbili zilikuwa na ndugu zao wakubwa wa zamani wenye kichwa cha mviringo: ya Kiingereza gramu 14, ya Kijerumani gramu 14 na nusu na kidogo. Ukipata mojawapo ya hizi utasema ni nzito kuliko wenzake. Sababu yake ni umri, kama nilivyokwisha kueleza, si kazi ya ajabu.

Ipo moja iliyofanywa nzito kwa kazi maalumu. Wajerumani walitengeneza risasi yenye kiini cha chuma kigumu, gramu 11 na nusu, ya kutoboa mabamba ya chuma. Katika vita hiyo hiyo, huko Ulaya, Waingereza walichukua bunduki za ndovu kutoka kwa wawindaji wao na kuzitumia kutoboa mabamba ambayo walenga shabaha wa Kijerumani walijificha nyuma yake. Bunduki iliyotengenezwa kwa fuvu la ndovu wa Afrika ikaishia kupiga chuma cha Ufaransa.

VIII. NENO LA SHANGAZI

Sasa turudi penye mkwaju. Risasi moja ilikuwa ya gobori, ya pili ya bunduki ya askari wa Kijerumani, na zote mbili zilitoka katika pembe moja ya shamba. Mzee akaniuliza, "Basi shangazi ameshinda?"

Nilimweleza ninayoyajua. Mwaka wa 1902 serikali ya Kijerumani ilianza kuwalazimisha watu wa wilaya ya Dar es Salaam, Wazaramo wakiwamo, kulima mashamba ya pamba kwa ujira usiotosha, huku mashamba yao wenyewe yakiota magugu. Mwezi wa Julai 1905 vita iliwaka katika nchi ya Wamatumbi, na mwezi wa Agosti ikafika Uzaramo. Kinjikitile wa Ngarambe alikuwa amewaambia watu kwamba dawa yake itazigeuza risasi kuwa maji. Wajerumani walimnyonga tarehe 4 Agosti 1905. Kibasila wa Kisangire, aliyekuwa kiongozi wa Wazaramo, naye alinyongwa. Watu walikwenda na magobori, mikuki na mishale, na upande wa pili walikuwako askari wenye bunduki za Mauser na bunduki za Maxim.

Risasi haikugeuka maji. Ilikuwa mkononi mwa mzee, ikali na gramu zake 25.

Nami nasema kama mtu wa mashamba: katika nchi zile za kusini watu wengi zaidi waliuawa na njaa kuliko na risasi, kwa sababu majeshi yalichoma mashamba na kuyateketeza maghala. Waliokufa huhesabiwa kwa makumi elfu, na wataalamu wengine hutaja 250,000 hata 300,000. Mkulima akiyajua hayo hawezi kukiona kipande hiki kuwa takataka.

Lakini iliniwajibu pia kumweleza mzee mpaka wa ushahidi. Risasi hutaja bunduki iliyoitoa. Haiutaji mkono ulioishika, wala siku, wala aliyelengwa. Bunduki za Mauser za 1871 zilidumu miaka mingi katika nchi hii, na askari aweza kupiga swala wa kitoweo kama apigavyo mtu. Vipande viwili haviwezi kuthibitisha kaburi. Hata hivyo neno la mzee wa ukoo ni ushahidi pia, na vipande hivi havikulipinga. Vimelitia nguvu, na vimeikataa habari ya ndovu.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Shamba langu ni eka sita. Mikorosho haitakosa pa kusimama." Akaiacha pembe ile.

IX. MAMBO YA KUTENDA

Kwa kumaliza, Ndugu Mkulima, shika mashauri haya.

1. Usiyeyushe risasi nyumbani, wala usitumie sufuria ya chakula kwa kazi hiyo. Moshi na vumbi lake huingia mwilini na kudhuru damu na ubongo, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Mwaka wa 2010 huko Zamfara, katika nchi ya Nigeria, watoto kwa mamia walikufa kwa sumu ya madini haya, kwa kuwa mawe ya dhahabu yenye risasi ndani yake yalisagwa katika nyua za nyumba.

2. Usimpe mtoto kipande cha risasi akichezee au akitie kinywani, wala usikivae shingoni kiwe hirizi. Kuku na bata nao wasiachwe kudonoa vipande vidogo, kwa maana hufa.

3. Ukikuta kitu kabla ya kukipima, weka alama mahali ulipokikuta, na uandike ni kina gani cha udongo na karibu na mti gani. Risasi isiyojulikana ilipotoka imepoteza nusu ya habari yake.

4. Weka kila kipande katika chupa yenye kifuniko, pamoja na karatasi yenye tarehe, mahali, gramu na unene.

5. Ukiona vipande vingi mahali pamoja, au mifupa, simamisha jembe. Waite wazee na viongozi wa kijiji kwanza. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, hushughulika na mambo ya kale, na kipande kilichoandikiwa habari zake kina faida zaidi huko kuliko katika kisanduku cha uvuvi.

6. Waulize wazee wako wangali hai. Mizani itakusomea gramu, lakini jina la aliyelala chini ya mkwaju haliwezi kusomwa katika mizani yoyote.

Ni mimi,
Bwana Shamba wako.